Nyumba njema si mlango: Uwazi ndio nguzo ya ndoa inayodumu

ZAMANI katika Vitengeni na vijiji vingine vya Ganze, Kaunti ya Kilifi, kijana wa Kigiriama hakuwa akioa peke yake. Ukoo ndio uliooa. Wazee walimtuma mshenga, naye akapeleleza mwenendo wa jamaa za msichana, huku upande wa pili ukipeleleza wa mvulana, kabla ya mahari kutajwa.

Maswali ya wazee yalikuwa mazito. Je, watu wa boma hilo ni wachapa kazi? Wana madeni? Wana ugomvi wa mashamba? Kuna maradhi yanayojirudia kizazi baada ya kizazi? Mapatano yalipofikiwa na tembo la mnazi likanywewa, waliolinywa walihesabika kuwa mashahidi.

Mfumo huo ulikuwa na dosari kubwa: msichana angeweza kuozwa bila kuulizwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilikomesha uhalali wa jambo hilo. Umri wa chini wa kuoa au kuolewa ni miaka 18, na ndoa ambayo mmoja hakuiridhia kwa hiari yake ni batili. Hata wanaosajili ndoa ya kimila hutakiwa kuthibitisha kwamba waliridhiana, mbele ya mashahidi wawili walioshiriki katika shughuli hiyo.

Siku hizi wengi hujichagulia. Hukutana shuleni, sokoni, kazini Malindi au Mombasa, au hata kwenye simu kabla ya kuonana ana kwa ana. Uhuru huo ni mwema. Tatizo ni kwamba walipomwacha mshenga, wengi waliyaacha na maswali yake. Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, lakini wapo wanaotazama mlango tu na kuhamia.

Kujichagulia kuna manufaa yaliyothibitishwa. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 katika mji wa Chengdu, China, miongoni mwa wanawake 586, ulionyesha kuwa waliojichagulia waume waliridhika na ndoa zao kuliko waliochaguliwa na wazazi, hata baada ya miaka mingi.

Hata hivyo, kuchagua ni mwanzo tu. Mnamo 2020 watafiti wakiongozwa na Samantha Joel wa Canada walichapisha uchanganuzi wa tafiti 43 zilizohusu wapenzi zaidi ya 11,000. Walibaini kwamba sifa za mtu binafsi hazielezi ubora wa uhusiano kama yanavyoueleza mambo yaliyo baina ya wawili hao: kama kila mmoja anaamini mwenzake amejitolea, kama anahisi kuthaminiwa, na jinsi wanavyogombana. Kwa maneno mengine, swali si "nimempata nani?" pekee, bali pia "tunaishi vipi?"

Hapo ndipo uwazi unapoingia, na kwa wakazi wa Kilifi upo mfano wa karibu mno. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa katika kituo cha KEMRI mjini Kilifi umeonyesha kuwa takriban watu 15 katika kila 100 wa eneo hilo hubeba alama ya selimundu katika damu bila wao wenyewe kuugua. Alama hiyo hata huwakinga dhidi ya malaria kali. Lakini wawili walio nayo wakioana, kila mimba huwa na uwezekano wa mara moja kati ya nne wa kumpata mtoto mgonjwa.

Mshenga wa kale hakuwa na maabara, ila aliuliza ni watoto wangapi waliofariki katika boma lile. Vijana wa leo wana vipimo vya damu, lakini wasipoulizana hawatajua. Mtoto anapougua mara kwa mara, lawama humwangukia mama au jirani anayeshukiwa uchawi, na ndoa huvunjika kwa kosa lisilo la mtu yeyote.

Ni kweli pia kwamba ukweli hautolewi kwa shuruti. Sheria ya 2006 kuhusu Ukimwi inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi kama sharti la kuoa au kuolewa. Wachumba wanaokwenda kupimwa pamoja kwa hiari hupata majibu na, zaidi ya hayo, hupata mazoea ya kukabili habari ngumu wakiwa wawili.

Jambo jingine ni wake wenza. Machi 2014 wabunge waliondoa katika mswada wa ndoa kifungu kilichomtaka mume kushauriana na mkewe kabla ya kuoa mwingine, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Kwa kuwa ndoa ya kimila huchukuliwa kuwa inaruhusu wake wengi, sheria haitamsemea bibi arusi. Sharti aulize mapema, hasa ikiwa mume atafanya kazi mbali na nyumbani.

Yapo na mambo ya kila siku: mikopo ya simu, watoto waliozaliwa kabla ya uchumba, ada za wadogo zake, shamba la ukoo lisilo na hatimiliki. Yakisemwa kabla ya mahari, huwa masharti ya kujadiliwa. Yakigunduliwa baadaye, huitwa usaliti.

Uwazi haumaanishi kupekua simu ya mwenzako wala kumsimulia kila uchumba uliokufa. Maana yake ni kutoficha lolote ambalo lingebadilisha uamuzi wake, na kuendelea kuzungumza hata baada ya arusi. Mficha uchi hazai, na mficha deni au maradhi hajengi.

Wazazi nao wasijitenge wakidai kwamba watoto wa siku hizi hawasikii. Wasimchagulie kijana mchumba, bali wamfundishe kuuliza yale ambayo mshenga aliuliza. Uamuzi uwe wa wawili. Busara ya kuuliza ibaki ya ukoo mzima.