Macho yanapotazama karibu: tangu mtoto mchanga hadi mtu mzima

Mwombe mwenzako asimame nje mchana, atazame mti ulio mbali. Kisha mwambie atazame kidole chako ulichokiweka karibu na pua yake. Mtazame kwa makini. Utaona macho yote mawili yanaelekea ndani, na mboni, yaani ule mviringo mweusi katikati ya jicho, zinakuwa ndogo. Jambo la tatu hulioni: ndani ya jicho, lenzi inanenepa ili kitu cha karibu kionekane vizuri. Kazi hizi tatu hufanyika pamoja, lakini hazikui kwa pamoja.

Mtoto mchanga
Mboni za mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake hubana zikipigwa na mwanga. Lakini bado hawezi kurekebisha macho yake vizuri. Huona vyema zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani uso wa mama anayemnyonyesha. Ndiyo maana ni vizuri umtazame na kuzungumza naye wakati ananyonya. Macho yake yanaweza kupishana mara moja moja katika miezi ya kwanza, na hilo ni kawaida.

Kuanzia miezi 3 anapaswa kukutazama usoni na kukifuata kitu kinachopita mbele yake. Akifikisha miezi 4, macho yanapaswa kutazama upande mmoja.

Mtoto anayekua
Lenzi ya mtoto ni laini sana. Mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma daftari lililo karibu mno na uso. Mboni zake hubana kidogo tu anapotazama karibu, kuliko za mtu mzima. Usiogope mboni kubwa za kijana wako: katika ujana ndipo huwa kubwa zaidi, kisha hupungua kadiri umri unavyoongezeka.

Mtu mzima
Mwaka hadi mwaka lenzi hukakamaa. Baada ya miaka 40 hivi utajikuta unasogeza kadi ya mgao mbali ili uisome, au unashindwa kutia uzi kwenye sindano na kuchambua mawe kwenye maharage. Huu si ugonjwa wala kurogwa. Ni umri, na humpata kila mtu. Miwani ya kusomea husaidia, na haiharibu macho.

Hapo mboni ndogo ina faida. Toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, kisha soma kupitia tundu hilo mchana: herufi zitaonekana wazi zaidi. Mboni iliyobana husaidia kwa njia hiyo hiyo. Kwenye giza mboni hufunguka, na maandishi hufifia. Kwa hiyo shona na usome mchana, karibu na mlango, si kwa koroboi.

Nenda kituo cha afya ukiona haya:

- Mboni ya mtoto ni nyeupe au inang'aa kama jicho la paka. Inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani. Usisubiri, nenda siku hiyo hiyo.
- Mtoto wa zaidi ya miezi 4 ana makengeza, au wa miezi 3 hafuati uso wako.
- Mboni moja ni kubwa kuliko nyingine baada ya kuanguka au kupigwa kichwani. Hii ni dharura, hata kama ni usiku.
- Jicho ni jekundu, linauma, au uoni umepungua ghafla.

Wazazi wengi husema, "Makengeza yatakwisha akikua." Mara nyingi hayaishi. Jicho lisipotumika, ubongo huzoea kuliacha, na mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo maisha yake yote. Matibabu hufaa zaidi yakianza mapema, kabla ya miaka 7 hivi.

Usitie maziwa ya mama, mkojo wala dawa za mitishamba kwenye jicho. Vinaweza kuleta kidonda na upofu.

Leo jioni, kabla jua halijazama, mtazame mtoto wako machoni. Ukiwa na shaka, mpeleke kituoni kesho asubuhi.