Jicho Linavyofunzwa kwa Mkaa

Mchoro wa vitu tuli ni mchoro wa vitu visivyojongea, kama vile mtungi, yai na kitambaa, vilivyopangwa mezani ili mchoraji avitazame kwa muda mrefu chini ya mwanga usiobadilika. Walimu wengi wa sanaa huwaanzisha wanafunzi wao hapo, tena kwa mkaa, kwa kuwa rangi zikishaondolewa hubaki mambo mawili ya msingi: toni, yaani kiwango cha weusi au weupe wa kila eneo, na uwiano, yaani jinsi ukubwa wa kitu kimoja unavyolingana na wa kingine. Yote mawili hupatikana kwa kulinganisha, wala si kwa kukadiria kitu kimoja peke yake.

Mkaa wa kuchorea hutengenezwa kwa kuchoma vijiti vyembamba, kwa mfano vya mzabibu, ndani ya chombo kilichozibwa ili hewa isiingie na kuvigeuza majivu. Mkaa huo ni laini na hufutika hata kwa kitambaa, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kusahihisha mara nyingi bila kuharibu karatasi. Mkaa wa kushindiliwa, ambao ni unga uliochanganywa na gundi, hutoa weusi mzito zaidi lakini haufutiki kwa urahisi. Mkaa wa jikoni nao huchora, ila ule uliotokana na miti migumu huelekea kukwaruza karatasi.

Zoezi la kwanza ni ngazi ya toni, ambayo ni safu ya visanduku vinavyoanzia weupe wa karatasi na kuishia kwenye weusi kamili, huku kila kimoja kikizidi kilichotangulia kwa kiasi kilekile. Mmarekani Albert Munsell, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu rangi, aliipanga ngazi hiyo kuanzia 0 kwa weusi hadi 10 kwa weupe. Ugumu hujitokeza katika visanduku vya kati, kwa sababu jicho huisoma kila toni kwa kuitegemea ile iliyo jirani yake. Mwaka 1995 Edward Adelson, mtaalamu wa uoni wa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha jambo hilo kwa picha ya ubao wa miraba, ambamo miraba miwili yenye kijivu kilekile huonekana tofauti kabisa kwa kuwa mmoja umo ndani ya kivuli.

Kosa hilohilo humpata anayechora yai: kwa kuwa anajua kwamba yai ni jeupe, huuacha upande wake wa kivuli ukiwa mweupe mno, ingawa upande huo unaweza kuwa mweusi kuliko mtungi wa udongo unaopigwa na taa. Dawa yake ni kufinya macho, ili mambo madogo yapotee na yabaki makundi mawili, la mwanga na la kivuli, ambayo hujazwa kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Baadaye hutafutwa kiini cha kivuli, yaani ukanda mweusi zaidi pale yai linapoipa taa kisogo, kisha mwanga rejea, ambao ni mwanga hafifu unaorudishwa na kitambaa na kuangukia upande wa chini wa yai. Mwanga rejea ungali sehemu ya kivuli, na ukichorwa kwa weupe uliopita kiasi yai hupoteza mviringo wake.

Uwiano nao hupimwa kwa kulinganisha. Mchoraji hunyoosha mkono bila kukunja kiwiko, hufumba jicho moja, kisha huushika upana wa yai kwenye kijiti na kuhesabu ni mara ngapi upana huo unaingia katika kimo cha mtungi. Ikiwa ni mara nne mezani, lazima iwe mara nne karatasini, hata kama mchoro wote ni mdogo kuliko vitu vyenyewe. Mkono ukikunjwa katikati ya upimaji, kizio hubadilika na hesabu yote huharibika.

Mwishoni mchoro hutazamwa kwa mbali au kwenye kioo, kwani taswira iliyogeuzwa huondoa mazoea ya jicho na kufichua mtungi ulioinama au kivuli kilichofifia. Uwezo huo wa kupima kila kitu kwa jirani yake ndio utakaomfaa mwanafunzi atakaposhika rangi, ambapo kila rangi, iwe nyekundu au buluu, nayo ina toni yake.