Flaiwili nyepesi, vilima vya Tarime vizito

Tarime. Kila shabiki anamjua kiungo wa aina hii. Mzito, hana mbwembwe, lakini akishaanza kutembea na mpira humzuii. Mtoe, ingiza kijana mwepesi, timu inakimbia kweli. Shughuli inaanza uwanja ukilowa.

Kwenye injini ya gari, kiungo huyo anaitwa flaiwili. Ni sahani nene ya chuma iliyofungwa mwisho wa krenki, na klachi inakaa juu yake. Inatunza mzunguko ili injini isisite kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Kwenye Subaru Impreza yenye turbo, ile ya kiwandani hukaribia kilo 8 hadi 10. Ya aluminiamu huwa karibu nusu ya hapo.

Wapenda mbio wanaitaka kwa sababu injini inapandisha na kushusha mizunguko haraka, gia zinaingia chapchap. Haiongezi hata farasi mmoja, tuelewane. Inachofanya ni kupunguza nguvu inayoliwa na kuzungusha chuma kizito, na utamu wake unaonekana zaidi gia za chini.

Sasa ipeleke barabarani. Kutoka Sirari, Tarime, daraja la Kirumi hadi Musoma kuwaona Biashara United pale Karume, ni lami. Hapo cha kuogopa ni tochi za trafiki tu. Lakini kata kwenda Mugumu, Serengeti, kwa njia ya Nyamwaga na Nyamongo, ukutane na vilima mvua ikiwa imenyesha. Gari limejaa watu, unaondoka katikati ya mlima, unaachia klachi ulivyozoea. Gari linazima. Flaiwili nzito ilikuwa na akiba ya mzunguko wa kukusukuma, hii haina. Utakanyaga mafuta zaidi, utaichezea klachi, na harufu ya kuungua utaisikia kabla hujafika juu.

Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sawa, ila timu ya rali ina mafundi na vipuri vinavyoisubiri njiani. Wewe ukikwama Nyamongo unasubiriwa na nani?

Anayeamua kufunga, afunge kwa utaratibu. Giaboksi linashuka, kwa hiyo ni siku hiyohiyo ya kubadilisha sili ya nyuma ya krenki, beringi ya klachi na bolti za flaiwili. Bolti zinakazwa kwa kupishana, kwa spana ya kipimo na namba ya kitabu cha gari hilo. Kukaza kwa mkono na kusema "imeshika" ni kamari. Aluminiamu yenyewe haivumilii msuguano wa klachi, ndiyo maana flaiwili ya kweli ina uso wa chuma pale klachi inaposhika, na meno ya stata ni ya chuma pia. Isiyo navyo, irudishe dukani.

Kuna njia ya mkato: kuichonga ya zamani kwa mashine mpaka iwe nyembamba. Hapa hakuna utani. Chuma cha kumimina kikichongwa kupita kiasi kinaweza kupasuka injini ikiwa juu, na vipande vinatoboa nyumba ya giaboksi kuelekea miguuni mwa dereva.

Ikishafungwa vizuri, kilomita 800 hivi za mwanzo ni za kuilea klachi mpya. Giaboksi likigongagonga gari likiwa nyutro, kisha likanyamaza ukikanyaga klachi, usimkimbilie fundi. Ndivyo nyepesi zilivyo.