Pa kusomea: jinsi nilivyoizunguka Bloomsbury nikitafuta kiti

Insha yangu ya kwanza nilipoanza masomo SOAS ilirudi na alama 38. Ya kupita ni 40. Nilikaa nayo ndani ya treni kutoka Euston Square mpaka Barking, nikiwaza nitamwambia nini Mama.

Insha ile niliiandikia nyumbani, kwenye meza ileile tunayolia chakula. Fleti yetu ina vyumba viwili na sisi tuko sita. Sahani zikiondolewa usiku, mdogo wangu anatandaza hesabu zake, shangazi anampigia simu mtu wa Tanga kwa sauti ambayo ingefika Tanga hata bila simu, na Mama akipita ananiambia, "Mwanangu, wewe endelea tu, ila niangalizie wali jikoni." Wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua meza hiyo.

Basi nikaanza kutafuta. Nilianza na maktaba ya chuo, jengo lililosanifiwa na Denys Lasdun na kufunguliwa 1973. Ina vitabu zaidi ya milioni moja, vya Kiswahili vikiwemo, na wiki ya kwanza nilipoteza saa nzima kwenye rafu hizo nikifungua diwani ambazo nyumbani nilizisikia kwa majina tu. Ghorofa zake zinazunguka uwazi wa katikati. Kosa langu lilikuwa kukaa karibu na ngazi. Kila rafiki aliyepita alisimama, tukasalimiana, tukaulizana habari za jana. Saa tatu zikazaa nusu ukurasa. Nilipohamia pembeni nikawapa watu mgongo, kazi ikaanza kusogea.

Hatua chache kutoka hapo lipo jengo refu jeupe la Senate House, la miaka ya 1930, ambamo Wizara ya Habari ya Uingereza ilikaa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Sisi wa SOAS tunaruhusiwa kutumia maktaba yake. Kimya cha mle ni kizito: nikigonga kompyuta naona kama napiga ngoma msibani. Kwa kuandika, hapakunifaa hata kidogo. Lakini kwa kitabu kinene ambacho kwingine ningekiacha ukurasa wa 20, sijaona mahali bora. Nikaacha kutafuta kiti kimoja cha kila kazi. Nasoma Senate House, naandika chuoni ambako kuna uhai kidogo.

British Library, pale St Pancras, ni mwendo wa miguu. Kadi ya msomaji ni bure. Vyumbani unaingia na penseli tu. Kalamu ya wino, chakula na begi vinabaki nje. Kwa mtu kama mimi, ambaye kila aya moja hudai biskuti mbili, sheria hiyo ni dawa.

Kabla ya kuweka begi siku hizi naangalia mambo manne: soketi ya chaji, choo, pa kuswalia, na njia ya kurudi kituoni usiku. Hilo la mwisho ndilo lililoleta maneno nyumbani.

Nilikuwa narudi saa nne usiku. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hata sokoni watu hufunga. Maktaba gani hiyo isiyofungwa?" Niliumia, kwa sababu nilijua anachokiwaza, na maelezo yangu yote yalisikika kama ya mtu anayeficha kitu.

Jumamosi moja nikamwomba twende naye. Nilimpeleka British Library, kwa kuwa kumbi zake za nje ya vyumba vya kusomea ziko wazi kwa yeyote. Aliwakuta vijana wamejaa kila meza, wengine wamekaa chini karibu na soketi, na mabinti wenye hijabu wameinamia kompyuta zao. Akasimama mbele ya ule mnara wa vioo wenye vitabu vya Mfalme George wa Tatu. "Na hivi vyote kuna mtu kavisoma?" Kisha tukanywa chai, ambayo bei yake anaisimulia mpaka leo.

Kwenye treni akatoa masharti. Kuchelewa ni siku mbili kwa wiki, na nimtumie ujumbe nikipanda treni. Siku nyingine niamke naye saa kumi na moja alfajiri. Sikuwa nimewahi kuiona meza yetu saa hiyo. Shangazi amelala, simu imelala, kuna mlio wa friji tu. Utangulizi wa insha zangu zote sasa nauandikia pale, Mama akiwa upande wa pili na kikombe chake, hasemi neno.

Insha iliyofuata ilipata 61. Hapa Uingereza hizo ni alama nzuri, nikamweleza. Mama aliitazama karatasi kwa muda, akauliza zile 39 nyingine nimeziacha wapi.