Kutoka Tamthilia hadi Opera: Marguerite Anapogeuka Violetta

Mwalimu wa fasihi anapoanza kufundisha tamthilia, aghalabu huwaambia wanafunzi kwamba uti wa mgongo wa utanzu huu ni mazungumzo. Hilo ni kweli, na mtahiniwa akiliandika hatapoteza alama. Hata hivyo, mwulize mtahiniwa huyo huyo ni kazi gani inayofanywa na mazungumzo ambayo wimbo hauwezi kuifanya, naye atakukodolea macho. Mimi pia nilikodoa macho nilipoulizwa swali kama hilo na mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwimbaji wa kwaya, aliyetaka kujua ni kwa nini tamthilia tuliyokuwa tukiisoma isiimbwe yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Nitatumia mfano mmoja ambao ni rahisi kuuchunguza kwa sababu matini zote mbili zipo na zinajulikana mno. Tamthilia ni La Dame aux camélias ya Mfaransa Alexandre Dumas mwana (babake, mwenye jina hilo hilo, ndiye aliyeandika hadithi za wale askari watatu). Ilitokana na riwaya yake ya 1848 na ikaigizwa mara ya kwanza mjini Paris mnamo Februari 1852, baada ya kuzuiwa na wakaguzi wa serikali kwa muda mrefu. Opera ni La traviata. Muziki ni wa Mwitalia Giuseppe Verdi na maneno ni ya Francesco Maria Piave. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa La Fenice, Venice, tarehe 6 Machi 1853. Kwa hivyo kati ya tamthilia na opera ni miezi kumi na mitatu tu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, opera ni tamthilia ambayo wahusika huimba badala ya kusema, huku kundi la wapiga ala, yaani okestra, likiwasindikiza. Matini ya maneno yake huitwa libreto. Usiichanganye na vile vipindi vya mapenzi vya televisheni vilivyojitwalia jina hilo.

Kisa ni hiki. Marguerite Gautier ni kimada wa Paris. Anaishi maisha ya anasa kwa fedha za matajiri, na ana kifua kikuu. Kijana wa familia yenye heshima, Armand Duval, anampenda. Marguerite anayaacha maisha ya mjini na kuhamia naye mashambani. Siku moja Armand akiwa hayupo, babake anafika na kumtaka Marguerite aachane na kijana, kwa kuwa bintiye ana mchumba na aila ya mchumba huyo haitakubali kuoana na watu wenye aibu kama hiyo. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi: posa itavunjika. Marguerite anakubali, anamwandikia Armand barua ya kumwacha, na hasemi sababu. Armand anaamini kuwa ameachwa kwa ajili ya fedha, anamwaibisha hadharani, na anajua ukweli wakati mwenzake amekwisha kukata tamaa ya kupona. Katika opera, Marguerite anaitwa Violetta, Armand anaitwa Alfredo, na mzee Duval anaitwa Germont.

Sasa tuone kilichofanywa na Piave. Alipokea tamthilia yenye matendo matano. Alitoa libreto yenye matendo matatu. Kuna mambo ambayo mtohozi yeyote angeyafanya: kupunguza marafiki na majirani, kuunganisha wahusika wawili kuwa mmoja, kuondoa mizaha ya mezani. Sitapoteza wakati hapo. La kushangaza ni kwamba aliliondoa tendo zima la pili. Katika tendo hilo la Dumas, Marguerite anapanga kupata fedha za kukaa mashambani kutoka kwa tajiri mmoja bila Armand kujua, naye Armand anashikwa na wivu na kumwandikia barua kali. Ni tendo la hesabu. Nani analipa nini, na kwa nini penzi hili haliwezi kuishi bila pesa za mtu mwingine. Katika opera, Alfredo na Violetta wanatoka kwenye karamu ya tendo la kwanza na tunapowaona tena tayari wamekaa mashambani kwa miezi mitatu. Suala la fedha limebaki kwenye sentensi chache za mjakazi, anayemwambia Alfredo kwamba bibi yake anauza farasi, magari na kila alichonacho.

Je, hii ni hasara? Nadhani ni hasara, na ni vyema tuseme wazi badala ya kuiabudu opera kwa sababu imetoka Ulaya. Armand wa Dumas ana wivu na udhaifu tangu mapema, kwa hivyo ukatili wake wa baadaye una mizizi. Alfredo wa Piave ni kijana mwema ambaye anachemka ghafla. Mtahiniwa akiulizwa kujadili wasifu wa mhusika huyu atakuwa na mengi zaidi ya kuandika kutoka kwa tamthilia.

Lakini Piave na Verdi hawakuwa na la kufanya, kwa sababu ambayo kila mwalimu wa kwaya anaijua: wimbo unakula wakati. Jaribu wewe mwenyewe. Chukua sentensi moja ya kawaida, iseme, kisha iimbe kwa mahadhi ya polepole huku ukirudia maneno mawili ya mwisho. Kilichochukua sekunde nne sasa kinachukua nusu dakika. Kwa hivyo mtu anayegeuza tamthilia kuwa opera lazima achague ni wapi saa itasimama, na mahali pengine pote atakimbia au ataruka.

Saa ya La traviata inasimama wapi? Inasimama mlangoni pa mzee Germont. Ziara ya baba, ambayo kwa Dumas ni onyesho moja miongoni mwa maonyesho mengi ya tendo la tatu, imekuwa wimbo wa watu wawili unaochukua takriban dakika ishirini, katika kazi ambayo yote kwa jumla ina zaidi kidogo ya saa mbili. Hapa ndipo marufuku ya penzi hili inapopata sauti, nami naomba tukae hapa.

Germont anaingia kwa ukali na kumshutumu Violetta kwamba anamfilisi mwanawe. Violetta anamkumbusha kwa utulivu kuwa yuko katika nyumba ya mwanamke, na nyumba ni yake. Anamwonyesha hati: ni yeye anayeuza mali yake. Mzee anaduwaa. Hapo anabadilisha mbinu na kumwelezea bintiye, tena kwa mahadhi laini na matamu kabisa. Hajamtisha. Violetta anadhani anaombwa kukaa mbali na Alfredo kwa muda mfupi tu. Anapoelewa kuwa anaombwa aachane naye daima, mahadhi yake yanavunjika vipande vipande, kama mtu anayekimbia na kukosa pumzi. Mzee anaendelea taratibu: uzuri utaisha, wanaume huchoka, ndoa hamna. Mwishowe Violetta anasalimu amri. Anaimba polepole, kwa sauti ndogo, akimtuma amwambie yule msichana kwamba kuna mwanamke mmoja aliyejitoa kwa ajili yake.

Tazama kinachotokea. Tukisoma tamthilia, tunaweza kubishana na mzee Duval. Hoja zake ziko kwenye karatasi, na mwanafunzi mwerevu atazijibu moja baada ya nyingine. Katika opera ni vigumu kumbishia kwa sababu mahadhi yake yanatushawishi kabla akili haijaamka. Msikilizaji anajikuta akimhurumia baba na kumhurumia Violetta kwa pamoja. Isitoshe, wawili hao wanafika mahali pa kuimba wakati mmoja, kila mmoja na maneno yake. Kwenye jukwaa la kawaida, watu wawili wakisema kwa pamoja huwa ni kelele, na mwelekezi atawakemea. Kwenye opera ndiyo njia ya kawaida ya kuonyesha ukinzani: hadhira inasikia kilio na amri kwa pumzi moja, na vyote viwili vinapatana kimuziki ingawa havipatani kimaana. Hiki ndicho kitu ambacho mazungumzo hayawezi kukifanya, na ndilo jibu la kwanza kwa yule mwanafunzi wangu.

Verdi mwenyewe alijua jambo hili halikuwa hadithi ya mbali. Wakati huo alikuwa akiishi na mwimbaji Giuseppina Strepponi bila ndoa, na watu wa mji wake wa Busseto walimsema sana. Walioana mwaka wa 1859. Sidai kwamba Violetta ni Giuseppina, maana huo ni uhakiki wa uvivu. Nasema tu kwamba mtu aliyemtungia Germont mahadhi yale alikuwa amesikia maneno ya aina hiyo yakisemwa juu ya nyumba yake.

Jibu la pili linahusu uzungumzinafsi, mbinu ambayo watahiniwa huitaja upesi na kuieleza vibaya. Mwishoni mwa tendo la kwanza wageni wameondoka na Violetta amebaki peke yake. Anajiuliza kama huyu kijana ndiye anayeweza kumpenda kweli, kisha anajikemea na kuapa kuishi huru, raha moja hadi nyingine, kwa wimbo wa kasi unaopanda juu sana. Katikati ya kiapo hicho sauti ya Alfredo inasikika kutoka nje, ikiimba mahadhi ya mapenzi aliyomwimbia mapema jioni ile. Hatujui hakika kama kijana yuko chini ya dirisha au kama sauti iko kichwani mwa Violetta. Mwandishi wa tamthilia angelazimika kuamua, na kuandika uamuzi wake kwenye maelezo ya jukwaani.

Mahadhi hayo ya Alfredo ni takriri yenye kazi. Yanarudi katika tendo la tatu Violetta akiwa kitandani, hana fedha wala wageni. Anatoa barua ya mzee Germont, inayomwambia kuwa Alfredo sasa anajua kila kitu na yuko njiani kuja kuomba msamaha. Barua hii haimbi. Anaisoma kwa sauti ya kawaida ya kusema, huku okestra ikipiga polepole yale mahadhi ya tendo la kwanza. Katika kazi ambayo kila mtu ameimba kwa saa mbili, sauti ya kusema inatisha. Walimu wenzangu, tunawafundisha wanafunzi kwamba wimbo ndani ya tamthilia huvuta makini. Hapa ni kinyume chake, na kanuni ni ile ile: kinachovuta makini ni kile kinachokiuka kawaida ya kazi yenyewe.

Usidhani opera hii ilipokelewa kwa vigelegele. Onyesho la kwanza lilianguka, na Verdi mwenyewe aliwaandikia marafiki kukiri hivyo. Tendo la kwanza lilishangiliwa, lakini baadaye mambo yaliharibika. Fanny Salvini-Donatelli, aliyemwimba Violetta, alikuwa mnene na mwenye afya tele, na watazamaji walicheka walipoambiwa anakufa kwa kifua kikuu. Pia wakuu wa Venice walikuwa wamekataa mavazi ya siku zile. Verdi alitaka watazamaji waone watu waliovaa kama wao, lakini akalazimishwa kukirudisha kisa nyuma hadi yapata mwaka wa 1700. Maleba si pambo. Ukimvika Violetta nguo za enzi za mababu, mtazamaji anastarehe, kwa maana aibu inayozungumziwa si yake. Verdi alirekebisha baadhi ya sehemu, ukiwemo ule wimbo wa Violetta na Germont, na tarehe 6 Mei 1854 opera ikarudi Venice katika ukumbi wa San Benedetto. Safari hii ilishangiliwa.

Ipo njia nyingine ya kutohoa, na ni haki niitaje. Claude Debussy alipoichukua tamthilia ya Maurice Maeterlinck, Pelléas et Mélisande, ya mwanamke na shemeji yake wanaopendana, hakumtafuta mshairi wa kumwandikia libreto. Aliondoa maonyesho manne na kupunguza sentensi hapa na pale, kisha akayawekea muziki maneno yale yale ya tamthilia. Opera hiyo ilionyeshwa Paris mwaka wa 1902. Waimbaji wake huimba karibu na mwendo wa kusema, na hakuna nyimbo za kusimama na kupigiwa makofi. Inawezekana kwa sababu wahusika wa Maeterlinck tayari hunena kidogo na kuficha kingi. Tamthilia ya Dumas, yenye watu wanaojieleza kwa kirefu, isingevumilia njia hiyo.

Ukitaka kulijaribu jambo hili darasani, huhitaji okestra. Chukua tamthilia yoyote ambayo darasa limeisoma, iwe Kifo Kisimani, Mstahiki Meya au Kigogo, ambazo zote zimewahi kutahiniwa. Wagawe wanafunzi katika makundi na uwape kila kundi dakika kumi za wimbo na si zaidi. Waambie wachague onyesho moja ambapo saa itasimama, waandike ni nani ataimba na ni nani atanyamaza, kisha wataje wanachokitupa na waeleze kinakwenda na nini. Nilipolifanya zoezi hili, makundi matatu yalichagua onyesho la kifo, kama nilivyotarajia. La nne lilichagua onyesho la ukurasa mmoja ambalo sikuwahi kulitilia maanani, ambapo mhusika anaombwa jambo na mzee anayemheshimu, naye anajibu kwa neno moja. Yule mwimbaji wa kwaya alikuwa katika kundi hilo. Neno lile moja walilipa dakika tatu.