Makala Jikoni, Msitu Mlimani: Wajibu Wetu kwa Nchi Aliyotukabidhi Mungu



Mwaka mmoja parokia yetu iliandaa semina ya siku 3 juu ya uumbaji. Tulifundisha, tukaimba, tukaomba kwa ajili ya milima na maziwa yetu. Siku ya mwisho mama mmoja kati ya wapishi akasimama akauliza: “Pasta, makala tuliyopikia siku hizi tatu yametoka wapi?” Watu wakanyamaza. Sote tulijua jibu. Magunia yale yalishuka kwa chukudu kutoka upande wa barabara ya Rutshuru, na upande ule miti mikubwa iliyobaki iko ndani ya Hifadhi ya Virunga.

Swali la mama yule bado linatufuata. Leo tunataka kulijibu kwa utaratibu, maana hatuwezi kutubu jambo tusilolielewa.

Gunia moja linatengenezwaje?

Mchoma makala hukata mti, huupasua vipande, huvipanga chungu, kisha huvifunika kwa majani na udongo. Ndani huwasha moto unaokosa hewa ya kutosha, nao huungua polepole kwa siku kadhaa. Katika tanuri hizi za kienyeji, kilo 100 za mti hutoa kwa kawaida kilo 10 hadi 20 tu za makala. Sehemu kubwa ya mti huishia angani kama moshi. Tena mchomaji huitafuta kwanza miti migumu ya porini, kwa sababu makala yake ni mazito na hukaa motoni muda mrefu. Mti wa namna hiyo ulichukua miaka mingi kukua, nasi tunaumaliza kwa sufuria chache za maharagi.

Hifadhi hii ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, na kwa wakati ule iliitwa kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 7,800 hivi, na mwaka 1979 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa Kibumba, Katale, Mugunga na kwingineko, karibu kabisa na msitu. Kila familia ilihitaji kuni kila siku. Mwaka huohuo Virunga iliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tangu hapo vita havijatupa nafasi ya kupumua, na kila wimbi la wakimbizi huongeza idadi ya mafiga yanayohitaji moto.

Biashara hii imemwaga damu pia. Julai 2007, gorila wa milimani wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, akiwemo dume lao mkubwa, Senkwekwe. Nyama yao haikuchukuliwa, na uchunguzi ulielekeza kwenye biashara ya makala. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 wa hifadhi waliuawa katika shambulio moja, pamoja na dereva wao na raia 4. Wengi wetu hapa tunawajua watu walio na ndugu katika kazi hiyo. Bei tunayolipa sokoni haihesabu wajane na yatima.

Msitu unatufanyia kazi gani?

Wengine husema: “Gorila ni wa watalii, sisi tunataka kula.” Basi tuanzie kwenye chakula.

Sisi wa Goma tuna somo la udongo chini ya miguu yetu. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji. Miaka zaidi ya 20 imepita, na palipobaki bila kujengwa bado ni mawe meusi yenye majani machache katika nyufa. Huwezi kupanda mahindi hapo bila kuleta udongo kutoka mahali pengine. Ndivyo Mungu anavyotuonyesha muda unaohitajika ili jiwe liwe shamba. Udongo mweusi wa Rutshuru na Masisi, unaotulisha viazi na maharagi, ulitengenezwa kwa vizazi na vizazi. Ukiondoa miti kwenye mteremko, mvua kubwa za msimu mmoja zinaweza kuubeba wote mpaka mtoni.

Na si udongo pekee unaobebwa. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe kando ya Ziwa Kivu, mvua iliangusha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Hatusemi kwamba ukataji wa miti ndio sababu pekee, maana mvua ile ilikuwa kubwa mno na milima ile ina miteremko mikali. Lakini kila mkulima anajua kwamba mizizi hushika ardhi, na mlima ulio uchi hauna kitu cha kuyapunguza maji mbio.

Hata wanyama wana kazi yao. Katika miaka ya 1970 hifadhi ilikuwa na viboko karibu 29,000, na miaka 30 baadaye walikuwa wamebaki chini ya 1,000, kwa sababu ya kuwindwa. Kiboko hula nyasi usiku nchi kavu, na mchana huacha samadi yake majini. Samadi hiyo hulisha vijidudu na mimea midogo ambayo samaki huitegemea. Basi kiboko anapouawa, si mnyama tu aliyepotea; mvuvi wa Vitshumbi na wa Kyavinyonge naye amepunguziwa samaki wa Ziwa Edward.

Neno la Mungu linatuambia nini?

Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu anapewa kazi mbili katika bustani: kulima na kutunza. Kanisa letu limehubiri sana kulima, na tumefanya vema, lakini kutunza tumekusahau. Walawi 25:23 inatukumbusha kwamba ardhi ni ya Mungu, na sisi ni wageni wake. Mgeni mwema haharibu nyumba aliyopokelewa.

Kuna maandiko mengine mawili tunayoyasoma mara chache. Kumbukumbu la Torati 20:19-20 inawakataza askari wanaozunguka mji kwa vita wasiiangushe miti ya matunda. Yaani hata wakati wa vita Mungu anaweka mpaka, na sisi tumezoea kusema kwamba vita vinaruhusu kila kitu. Na sura ya 22:6-7 inamruhusu mtu aliyekuta kiota kuchukua makinda, lakini mama wa ndege amwache aende. Hapo pana hekima yote ya kuhifadhi: tumia tunda, usimalize chanzo.

Je, maskini afanye nini?

Hapa tunahitaji unyenyekevu. Mama aliyekimbia kijiji chake, anayelala chini ya sheeting na watoto wake, hawezi kula mahubiri yetu juu ya gorila. Kijana anayesukuma chukudu analisha familia. Tukisimama madhabahuni na kuwalaani, tutakuwa tumewatwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi kwa kidole. Kuna wakubwa wanaofaidika zaidi na biashara hii, na hawashiki shoka. Tena sisi wanunuzi wa mjini ndio tunaoifanya iwe na faida. Toba ianzie jikoni kwetu.

Njia zipo. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umewasaidia wakulima walio jirani na hifadhi kupanda miti katika mashamba yao wenyewe, ili makala yatoke kwenye mti uliopandwa. Desemba 2015 mtambo wa Matebe, wenye megawati 13.8, ulizinduliwa kule Rutshuru, na umeme wa maji ukafika Goma. Familia nyingi bado hazimudu kupikia umeme, lakini mwenye kuumudu aanze, ili makala yabaki kwa asiye na njia nyingine.

Katika parokia tunapendekeza mambo haya:

Kwanza, maharagi yalowekwe usiku kucha na sufuria ifunikwe. Dada zetu wakifanya hivyo wataona wenyewe jinsi makala yanavyopungua. Babula iliyoboreshwa, yenye ukuta wa udongo unaoshika joto, huongeza akiba hiyo.

Pili, kila parokia yenye shamba ipande miti na kuitunza mpaka ikomae. Mikaratusi hukua haraka na inafaa kwa kuni na mbao, lakini isipandwe karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi. Huko pandeni miti ya kienyeji.

Tatu, mashamba ya mteremko yalimwe kwa kukinga mlima, yawe na mitaro na mistari ya majani ya kushika udongo.

Nne, kila semina na kila sikukuu ya kanisa, kamati iulize swali la mama yule kabla ya kununua gunia la kwanza.

Semina iliyofuata ya parokia yetu ilipikiwa kuni za mikaratusi zilizonunuliwa kwa mkulima mmoja, mshiriki wetu. Zilitoa moshi mwingi, na wapishi walilalamika. Lakini mama yule alipoulizwa kama chakula kimeiva, alicheka akasema: “Kimeiva, na safari hii najua kilikotoka.”

Mungu atupe neema ya kulima na kutunza, ili watoto wetu wakute mlima wenye miti na mto wenye maji. Amina.