Muuza samaki na maswali ya watu

Wajukuu, wadogo miongoni mwenu hawakumbuki, lakini wakubwa wanakumbuka ndoo za maji ya klori mlangoni na kile kipimajoto walichoelekezewa kwenye paji la uso kama bastola. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola iko Kivu ya Kaskazini. Ilijulikana kwanza upande wa Mangina, ikaingia Beni, ikapanda Butembo na Katwa, ikafika mpaka huku kwetu Kayna.

Nitawasimulia habari za mama mmoja muuza samaki. Msimtafute sokoni, maana nimemshona kutokana na wengi waliopitia hayo.

Aliugua, akalazwa, akapona. Akarudi nyumbani na cheti chenye mhuri kwamba hana virusi tena, akapanga samaki wake wa Vitshumbi mezani. Wateja wakapita ng'ambo ya pili ya njia. Hata yule aliyezoea kuchukua kwa deni alinunua kwa jirani, tena kwa pesa mkononi! Samaki wakaharibika. Hakuna aliyemfukuza kazi, ila kazi haikuwapo tena.

Kilichomrudisha kazini ni damu yake mwenyewe. Aliyepona Ebola hubaki na kingamwili, askari ambao tayari wanamjua adui kwa sura. Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani mwenzetu, alilifikiria jambo hilo tangu mlipuko wa Ebola wa Kikwit mwaka 1995: wagonjwa 8 walipewa damu ya waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Miaka ilipita, na kutoka kwa kingamwili za mtu mmoja aliyenusurika Kikwit ikatengenezwa dawa iitwayo mAb114. Ilijaribiwa hapa hapa Beni, Butembo, Katwa na Mangina pamoja na dawa nyingine, na Agosti 2019 ikatangazwa kwamba mbili kati yake zinaokoa watu kuliko zile nyingine.

Kwa kinga waliyobaki nayo mwilini, waliopona, ambao tuliwaita washindi, waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao wamelazwa. Mama wetu akawa anabeba watoto wa watu mgongoni. Jioni, akitoka kazini, majirani walimuuliza maswali ambayo hawakuthubutu kuwauliza wale waliokuja na magari ya riposti, yaani timu za kupambana na Ebola.

Msiwacheke majirani hao. Desemba 2018 uchaguzi ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa sababu zilizotajwa kuwa Ebola na usalama, watu walisema ugonjwa huu ni siasa. Walioona wenzao wakichinjwa Beni miaka mingi bila msaada waliyaona magari mapya yakija kwa ajili ya homa, wakasema ni biashara. Mimi naona walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini kuuliza ni jambo moja na kuchoma moto kituo cha matibabu ya Ebola ni jambo jingine: Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili daktari Richard Mouzoko aliuawa Butembo akiwa kazini.

Sasa msikilizeni mama akizungumza kanisani baada ya ibada. Hana karatasi. Anaanza kwa kuuliza: “Nani hapa anaogopa kile kituo?” Mikono inainuka. Naye anainua wa kwake. “Hata mimi niliogopa.” Kisha ananyamaza waseme wao.

Kijana mmoja anasimama: “Mama, mbona wanaoingia mle wanatoka maiti?”

“Huyo unayemjua aliyekufa, aliingia siku ya ngapi ya homa? Siku ya saba? Virusi havingoji. Kila siku vinazaana. Waliowahi, damu ikiwa na virusi vichache, wakapata dawa hizi mpya, karibu 9 kati ya 10 wanapona.”

“Na huko ndani mnafichwa nini?”

Anawaeleza vile vyumba vya plastiki angavu ambamo ndugu anakaa nje, anamwona mgonjwa wake, anaongea naye. Anawaeleza kwa nini aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa siku 21: virusi vikishaingia mwilini vinaweza kungoja siku 2 hadi 21 kabla ya homa kutokea, na kabla ya homa huwezi kumwambukiza mtu. Bibi mmoja anataka kujua kama anaweza kumshika mkono. Mama anaunyoosha. Kanisa zima linatazama.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa. Riposti ikafunga mizigo, na kazi zikaisha mara ya pili. Mwenye meza akarudi mezani, mwenye pikipiki akarudi barabarani. Februari 2021 Ebola ikaonekana tena Butembo. Safari hii wengi waliotoa chanjo na kufuatilia wagonjwa walikuwa watu wa hapa, waliojifunza kazi hiyo kwenye mlipuko uliopita. Waliougua walikuwa 12, wakafa 6, na kufikia tarehe 3 Mei ilikuwa imekwisha.